MAJI BARIDI NA AFYA YA VIUMBE WA MAJINI
Somo kutoka bwawa moja la samaki la Bombo

Mwezi wa saba kule Bombo, katika milima ya Upare wilayani Same, ni mwezi wa baridi. Asubuhi ukungu hufunika migomba, na nyumba ya jirani haionekani. Watoto wanaokwenda shule hupuliza mikono yao. Wazee hukaa jikoni karibu na mafiga. Ng'ombe zizini hutoa mvuke puani.

Sisi binadamu tunajua la kufanya baridi ikija. Tunavaa koti, tunaota moto, tunakunywa chai ya tangawizi. Ng'ombe naye tunamwekea majani makavu alalie. Kuku anawafunika vifaranga wake kwa mabawa. Lakini je, samaki aliye bwawani afanye nini? Yeye hana koti wala moto. Maji yakiwa baridi, naye ni baridi.

Leo tutajifunza jinsi maji baridi yanavyodhuru afya ya viumbe wanaoishi majini. Tutaanza na bwawa moja tuliloliona Bombo. Kisha tutakwenda mbali kidogo, hadi baharini, tukamwone mnyama anayeitwa nguva, na ndugu zake wanaoishi Marekani. Mwisho tutarudi nyumbani, tuone la kufanya.

BWAWA LA KIKUNDI CHA WATU WATANO

Tulipofika tulikaribishwa na baba mmoja wa makamo pamoja na mkewe. Hatutataja majina yao. Wao na majirani watatu walikuwa wameunda kikundi. Waliuza tangawizi yao, wakaweka pesa pamoja, wakachimba bwawa la kufugia samaki. Walinunua vifaranga 200 vya perege.

Bwawa lilikuwa zuri kwa macho. Lilikuwa kwenye bonde dogo, chini ya miti mikubwa. Maji yalitoka chemchemi iliyo karibu, yakaingia upande wa juu, yakatoka upande wa chini, usiku na mchana. Yalikuwa maangavu kabisa. Ungeweza kuhesabu mawe yaliyo chini.

"Angalieni wenyewe," alisema yule baba. "Miezi 8 sasa. Pumba naweka. Majani ya mihogo naweka. Samaki hawakui."

Akatumbukiza wavu mdogo akavua watatu. Kweli, kila mmoja alikuwa kama kidole cha mtu mzima. Mmoja alikuwa na kitu cheupe ubavuni, kama pamba.

Mkewe akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo, pesa ile tungenunua mbuzi."

Kikundi chenyewe kilikuwa karibu kuvunjika. Mmoja alisema wameuziwa mbegu mbaya. Mwingine alimshuku mtunza fedha, kwamba alinunua vifaranga vya bei rahisi na chenji akaila. Wa tatu alisema ni jicho la watu. Na wa nne, ajabu, alitaka wakope pesa wachimbe bwawa la pili palepale, ati moja likishindwa la pili litafaa.

Wakati tunazungumza, bibi mmoja jirani alipita na ndoo yake. Akatusikiliza, akainama, akatia mkono majini. Akautoa upesi.

"Wanangu," alisema, "maji haya yanakata vidole. Mimi asubuhi sioshi vyombo hapa mpaka jua litoke. Samaki gani atanenepa humu?"

Watu wakacheka. Lakini bibi yule alikuwa amesema kweli kuliko sisi wote. Tulikuwa na kipimajoto mfukoni. Tukakitia majini asubuhi ile: digrii 16. Saa nane mchana tukapima tena: digrii 18. Basi. Kumbe perege wale hawakulogwa, wala mtunza fedha hakula chenji. Perege walikuwa wanaona baridi.

DIGRII NI NINI?

Digrii ni kipimo cha joto, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Maji yakiganda kuwa barafu, kipimajoto huonyesha 0. Maji yakichemka jikoni pwani, huonyesha 100. Mwili wa binadamu mwenye afya una digrii 37 hivi. Ukiwa na homa kali ya malaria, unaweza kufika 39 au 40.

Sasa tuangalie joto analolipenda perege:

Digrii 25 hadi 32: Perege anakula vizuri, anakua haraka, anazaa.
Chini ya digrii 20: Anakula kidogo, anakua polepole sana, haendelei kuzaa.
Karibu digrii 16: Karibu aache kula kabisa. Anakaa chini, hachezi.
Digrii 10 hadi 12: Anaanza kufa.

Linganisha na bwawa la Bombo. Samaki wale hawakuwa wanakufa, lakini hawakuwa wanaishi sawasawa. Walikuwa kama mkulima ambaye kila siku amelala kitandani. Hafi, lakini shamba halilimwi.

KWA NINI BARIDI INAMZUIA SAMAKI ASIKUE?

Wanyama wako wa namna mbili kwa upande wa joto.

Wa kwanza ni wale wanaojitengenezea joto mwilini. Hao ni binadamu, ng'ombe, mbuzi, kuku na wengineo. Chakula wanachokula ni kama kuni ndani ya jiko. Nje kukiwa na baridi au jua, ndani joto ni lilelile.

Wa pili ni wale wanaofuata joto la mahali walipo. Hao ni samaki, chura, nyoka, mjusi. Si umemwona mjusi asubuhi anaota jua juu ya jiwe? Anatafuta joto ndipo aweze kukimbia. Samaki naye ni hivyohivyo. Maji yakiwa digrii 16, mwili wake pia ni digrii 16, nje na ndani, mpaka tumboni.

Sasa fikiria tumbo hilo. Chakula tumboni husagwa na maji maji ya mwili, na kazi hiyo inahitaji joto. Ni kama kupika maharage. Moto ukiwa mkubwa yanaiva, moto ukiwa mdogo yanakaa chunguni siku nzima bila kuiva. Samaki mwenye tumbo la baridi chakula kinakaa bila kusagika. Basi haoni njaa. Ukimtupia pumba anaziangalia tu.

Na pumba zile zinakwenda wapi? Zinazama chini, zinaoza. Zinapooza zinatumia hewa iliyo ndani ya maji, ile ambayo samaki anaivuta. Kwa hiyo mtu anayemlazimisha samaki wa baridi kula anapoteza pumba, na tena anayachafua maji.

Kuna hasara nyingine. Mwili uliopoa hauna nguvu ya kupigana na magonjwa. Ile pamba nyeupe tuliyoiona ubavuni ni aina ya ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate uliokaa. Ukungu huo huingia mahali ambapo ngozi ya samaki imechubuka, hasa maji yakiwa baridi. Samaki ana ute juu ya ngozi yake unaomlinda. Ukimshika na mikono mikavu kila siku ili uone kama amekua, ute unatoka, na ukungu unapata mlango.

TWENDE BAHARINI: NGUVA

Huenda mtu akasema, "Samaki ni mdogo, ndiyo maana anaona baridi. Mnyama mkubwa haogopi." Hebu tumtazame mnyama mmoja mkubwa sana wa majini.

Wengi wetu wa milimani tumesikia hadithi za nguva, ati nusu mtu nusu samaki. Nguva wa kweli si mtu wala samaki. Ni mnyama anayenyonyesha, kama ng'ombe. Anavuta hewa kwa pua, kwa hiyo kila baada ya dakika chache lazima apande juu ya maji apumue. Chakula chake ni majani yanayoota chini ya bahari. Uzito wake unaweza kufika kilo 400 na zaidi. Hapa Tanzania wamebaki wachache sana, hasa katika bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Nguva ana ndugu zake wanaofanana naye, lakini mkia wao ni wa mviringo kama mwiko, wakati mkia wa nguva wetu umegawanyika kama wa pomboo. Ndugu hao wako wa aina tatu. Mmoja anaishi Afrika ya Magharibi, kuanzia Senegali mpaka Angola. Mwingine yuko katika mto Amazon, Amerika ya Kusini. Wa tatu yuko visiwa vya Karibi na pwani za karibu, pamoja na jimbo la Florida huko Marekani.

Huyu wa Florida ndiye anayetupa somo la leo. Kule kuna majira ya baridi, na maji ya bahari na mito hupoa sana. Mnyama huyu ni wa kundi la kwanza, wale wanaojitengenezea joto. Uzito wake hufika kilo 500, sawa na fahali mkubwa. Mtu angedhani baridi haimwezi. Lakini maji yakishuka chini ya digrii 20 kwa muda mrefu, anaanza kuugua.

Kwa nini? Sababu ni tatu.

Kwanza, maji hunyang'anya joto la mwili upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Unaweza kukaa nje saa nzima asubuhi ya Bombo ukiwa na shati tu. Lakini ukiingia mtoni dakika chache meno yanagongana.

Pili, anakula majani tu, na mwili wake unayatumia polepole. Jiko lake lina moto mdogo.

Tatu, mwonekano wake ni wa mnyama mnene, lakini hana mafuta mengi ya kuzuia baridi kama aliyo nayo nyangumi.

Dalili za ugonjwa wake ni hizi. Anaacha kula. Chakula kinakwama tumboni. Anakonda. Ngozi inapata madoa meupe na vidonda, hasa usoni, mkiani na kwenye mapezi. Nguvu za kupigana na magonjwa zinapungua, anapata vichomi, na mwisho anaweza kufa. Wadogo ndio wanaoumia zaidi, maana miili yao hupoteza joto upesi, na tena hawajajua njia ya kwenda kwenye maji ya moto. Mwanzoni mwa mwaka 2010 baridi kali iliingia Florida, na mamia ya wanyama hao wakafa.

Tazama dalili hizo tena: kuacha kula, chakula kukwama, ngozi kuharibika, magonjwa kuingia. Je, si zilezile tulizoziona katika perege wa Bombo? Mmoja ana kilo 500 na mwingine hafiki hata gramu 50. Mmoja ni mnyama na mwingine ni samaki. Lakini baridi imewashika kwa njia moja.

Sasa, mnyama yule hufanya nini ili apone? Anahama. Maji yakianza kupoa, anaogelea mpaka kwenye chemchemi zinazotoa maji ya digrii 22 hivi mwaka mzima. Wengine hukusanyika mbele ya mitambo ya umeme, kwa sababu mitambo hiyo hutoa maji ya moto. Wanakaa hapo kwa mamia, wanangoja baridi ipite. Ndiyo maana serikali ya kule inazilinda chemchemi hizo.

Na nguva wetu wa Rufiji na Kilwa? Yeye hana shida ya baridi, maana bahari yetu ina joto mwaka mzima. Shida yake ni nyavu. Nguva akinaswa na jarife hawezi kupanda juu kupumua, anakufa maji. Jike huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka kadhaa, na mimba yake ni ya mwaka mmoja na zaidi. Kwa hiyo akiuawa mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Kila mahali pana adui wake.

Lakini liko jambo moja kubwa la kukumbuka. Mnyama wa Florida anaweza kuhama. Perege wa bwawani hawezi. Wewe uliyemfungia ndiwe uliyemchagulia maji. Basi ni wajibu wako kuchagua vizuri.

MLIMANI NA TAMBARARE SI SAWA

Sisi wa Upare tunaijua nchi yetu. Ukitoka Maore kwenye tambarare unatoka jasho. Ukipanda mpaka Bombo unaanza kutafuta koti. Ukiendelea kupanda kuelekea msitu wa Chome na kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, ni baridi zaidi. Kwa kawaida ukipanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi. Na maji hufuata hewa.

Ndiyo maana samaki wengi wa mkoa wetu wanatoka chini, Ziwa Jipe na Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kule maji yamelala juani, yamepata joto. Perege ni samaki wa maji ya namna hiyo.

Je, hakuna samaki wa maji baridi? Yuko, anaitwa trauti. Yeye anataka maji ya digrii 10 hadi 18 hivi, na yakizidi sana anaumwa. Wakoloni walimleta Kenya mwaka 1905 kutoka Scotland, wakamtia katika mito ya milima ya Aberdare. Lakini trauti anataka chakula chenye nyama nyingi, na chakula hicho ni ghali. Tena anakula viumbe wengine wa mtoni. Usimlete mtoni kwenu bila ruhusa ya wataalamu.

LA KUFANYA

Tulikaa na kile kikundi chini ya mti. Tulizungumza mpaka jua likaegemea. Haya ndiyo tuliyokubaliana, nasi tunayaleta kwenu.

1. Pima kabla ya kuchimba. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwa hiyo usivue nguo kabla ya kuyajua maji. Nunua au azima kipimajoto. Pima asubuhi mapema na saa nane mchana, katika mwezi wa saba ambao ni wa baridi. Kama mchana maji hayafiki digrii 20, pale si mahali pa kufuga perege kwa faida. Kama mna miezi mingi ya digrii 22 na zaidi, mnaweza kujaribu.

2. Chagua mahali penye jua. Kivuli ni kizuri kwa kahawa, lakini bwawa linataka jua kutwa. Lichimbwe mbali na miti mikubwa. Kama matawi yanazuia jua, yakatwe. Lakini usikate miti iliyo kwenye chemchemi yenyewe, maana utaikausha, na kijiji kizima kitakulaumu.

3. Usiache maji yapite usiku na mchana. Hili ndilo kosa kubwa la mabwawa mengi ya milimani. Watu wanadhani maji yanayopita ni afya. Kwa perege sivyo. Maji ya chemchemi yanaingia baridi, na kabla hayajapata joto yanatoka. Kila siku samaki anaogeshwa maji mapya ya baridi. Tena samadi unayotia inasombwa na maji. Jaza bwawa, kisha funga. Ongeza tu yale yaliyokauka au kunywewa na ardhi.

4. Yapashe maji joto kabla hayajaingia. Yapitishe kwenye mfereji mrefu usio na kivuli, au yakae kwanza kwenye kidimbwi chenye kina kifupi juani. Yaongeze mchana, si usiku.

5. Toa maji ya chini, si ya juu. Maji ya baridi ni mazito, hulala chini. Ya moto huelea juu. Kama bomba lako la kutolea maji liko juu, unamwaga yale ya moto na kubakiza ya baridi. Weka bomba linaloanzia chini.

6. Tafuta maji ya kijani. Maji maangavu ni mazuri kwa kunywa, lakini kwa perege ni kama shamba lisilo na mazao. Tia samadi iliyokauka kidogo kidogo mpaka maji yawe na rangi ya kijani. Kijani kile ni mimea midogo sana, nayo ni chakula cha perege. Kujua kama imetosha, tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama huoni kiganja chako, usiongeze tena.

7. Lisha kwa akili. Wakati wa baridi lisha mara moja tu, kati ya saa saba na saa tisa mchana, wakati maji yamepata joto. Tupa kidogo, ngoja. Wakila, ongeza. Wasipokula, acha. Kama ni siku ya ukungu kutwa, usilishe kabisa. Samaki hafi kwa kukosa pumba siku mbili.

8. Panda vifaranga baridi ikiisha. Mwezi wa tisa au wa kumi ni mzuri, ili wapate miezi ya joto mbele yao. Vikiletwa kutoka tambarare, usivimwage bwawani palepale. Weka mfuko wenye vifaranga juu ya maji kwa nusu saa, kisha ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo. Kifaranga akitolewa maji ya digrii 27 na kutupwa ghafla kwenye ya digrii 18, anaweza kufa.

9. Usiwashikeshike samaki wakati wa baridi. Ukilazimika, loanisha mikono kwanza.

10. Patana na wenzako. Maji ya milimani ni ya watu wengi. Wapare tangu zamani wana desturi ya kutunza maji katika ndiva na kupeana zamu ya kumwagilia. Bwawa lako lisivunje zamu ya mwenzako.

ONYO: WADOGO KWA BARIDI AU WADOGO KWA WINGI?

Si kila perege mdogo amedhurika kwa baridi. Katika maji ya joto perege huzaa upesi sana. Bwawa linajaa watoto, chakula hakitoshi, na wote wanadumaa. Utajuaje tofauti? Angalia kama kuna vitoto. Kama bwawa limejaa vitoto vidogo kama punje za mtama, shida ni wingi. Wapunguze. Kama hakuna hata kitoto kimoja baada ya miezi mingi, na samaki hawali, shida huenda ni baridi. Tia kipimajoto. Ukiwa na shaka, mwite Afisa Uvuvi wa wilaya.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Bwawa la pili hawakulichimba. Mkopo hawakuuchukua. Hiyo peke yake ilikuwa faida. Yule mzee aliyemshuku mtunza fedha alisimama mbele ya wote akasema, "Ndugu yangu, nilikosea. Maji ndiyo yaliyokula samaki wetu, si wewe." Wakapeana mikono.

Bwawa la kwanza walilitengeneza. Walikata matawi, wakafunga maji yasipite, wakatia samadi. Mwezi wa kumi na mbili jua lilipowaka, samaki walianza kuja juu kugombania pumba. Walivua baada ya miezi 14 badala ya 6 au 8. Hawakuwa wakubwa. Pesa walizopata hazikurudisha gharama yote. Lakini kila nyumba ilikula samaki, na yule mama aliyetaka mbuzi akapika wa kwanza.

Sasa mmoja wao ana kipande cha shamba kule chini, karibu na Maore. Wamekwenda kupima maji yake kabla ya kushika jembe. Asubuhi digrii 23. Mchana 26. Huko ndiko watakakochimba. Na lile bonde la juu, lenye maji ya baridi na kivuli, wamelirudishia migomba na iliki.

Ndugu wasomaji, kiumbe wa majini hawezi kusema, "Ninaona baridi." Husema kwa kutokula, kwa kudumaa na kwa kuumwa ngozi. Anayejua kusoma dalili hizo, kama anavyojua kusoma gazeti hili, hatamsingizia jirani wala uchawi. Atatia mkono majini kwanza, kama yule bibi.

HESABU

1. Bwawa lina samaki 200. Kila mmoja ana gramu 50. Wote pamoja wana kilo ngapi?
2. Wakati wa joto samaki hawa wanahitaji chakula cha gramu 3 kwa kila gramu 100 za uzito wao, kila siku. Ni gramu ngapi kwa siku?
3. Wakati wa baridi tunawapa nusu tu. Ni gramu ngapi? Kwa siku 30 tumeokoa kilo ngapi za pumba?

Majibu: (1) Kilo 10. (2) Gramu 300. (3) Gramu 150. Tumeokoa kilo 4 na nusu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini samaki anaona baridi zaidi kuliko kuku?
2. Taja dalili tatu zinazofanana kati ya perege wa Bombo na mnyama wa Florida.
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani maji yana joto? Ni mahali gani yana baridi? Nani atapima?
4. Je, kikundi chenu kimewahi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake? Mlifanya nini baadaye?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kipimajoto: chombo cha kupimia joto.
Kudumaa: kuacha kukua.
Ute: majimaji yanayoteleza juu ya ngozi ya samaki.
Jarife: wavu wa baharini wenye matundu makubwa.
Ndiva: bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, kwa desturi ya Upare.